Matairi ya Zdravka

Mume wangu Manol alikuwa hodari wa kuendesha gari na mgumu wa kuendeshwa. Miaka yote ya ndoa yetu nilikaa kiti cha abiria, na leseni yangu ililala kabatini chini ya vitambaa vya meza. Kisha sukari ikamharibia macho, ikahamia kwenye figo, na madaktari wakasema damu yake isafishwe hospitali ya mjini Smolyan mara tatu kwa wiki. Kutoka kijijini kwetu ni kuteremka mlima, kona juu ya kona, na theluji yetu huanza Novemba na huondoka inapotaka yenyewe.

Velin, mtoto wetu wa pekee, akaja kutoka mji wa Plovdiv na uamuzi wake tayari.

"Mama, theluji ya kwanza ikianguka mnahamia kwangu. Ghorofa ya nane, lifti ipo, hospitali iko ng'ambo ya barabara."

"Hiyo lifti itanipeleka wapi?" Manol akauliza. "Nikifika chini nitamjua nani?"

Manol haoni ila vivuli, lakini nyumbani hatembei na fimbo. Anajua mlango ulipo, jiko lilipo, na kila mti wa plamu uani. Kule ghorofani ndiko angekuwa kipofu kweli. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba nitaendesha mimi. Velin alicheka, baba yake hakucheka.

Wakakubaliana hivi: siku ya theluji ya kwanza nimpeleke Manol hospitali na kurudi, Velin akitungoja nyumbani. Nikifika salama, tunabaki. Nikipiga simu aje kunitoa mtaroni, tunafungasha.

Pedali za Lada, gari letu kuukuu, zilitaka miguu ya farasi, kwa hiyo tukaenda kutafuta gari. Velin akatuonyesha moja jeusi, refu, linalong'aa.

"Linavuta kwa magurudumu yote manne, Mama. Theluji hailiwezi."

"Kuondoka litaondoka," akasema Manol. "Kusimama je? Zito kama hilo likishika kasi kwenye barafu, nani atalizuia? Zdravka, hebu kaa ndani. Unaiona pua yake?"

"Naona mawingu tu."

"Teremka."

Tukaenda gari hadi gari, mkono wake begani kwangu, mpaka tukafika kwenye Suzuki ndogo ya kijivu. Nayo ilivuta kwa manne, lakini ilikuwa nyepesi, miguu yangu ilifika, na pembe zake zote niliziona. Nikaizungusha uwanjani huku Manol akisikiliza.

"Hii inakusikia," akasema. Mimi hanisifu hovyo, nikafurahi kama msichana.

Ila matairi yake yalikuwa ya kiangazi, magumu kama kwato. Tukaenda gereji ya Sevdalin, ambako kila mwenye gari wa bondeni alikuwa kwenye foleni.

"Baba, wenzako wote wanabadilisha mawili ya mbele tu," Velin akasema.

"Na wenzangu wote nimeshawavuta kutoka mtaroni. Mbele inashika, halafu matako ya gari yanataka kutangulia!"

Foleni nzima ikacheka. Sevdalin akaleta matairi manne yaliyotumika kidogo. "Mzee, kwa safari zako haya yanatosha. Bado yana uhai wa misimu miwili."

Hakuwa na nia mbaya, lakini kila mtu pale alielewa ni uhai wa nani aliokuwa akiupima. Manol akaukandamiza mpira kwa ukucha, akatikisa kichwa. Akadai mengine, akanifanya nitafute ubavuni alama ya mlima wenye theluji, ile ya matairi ya majira ya baridi, na tarakimu za mwaka yalipotengenezwa. "Mapya," akasema. "Yote manne."

Nikapandwa na hasira. "Mapya ya nini, Manol? Unamringia nani?"

Akanivuta nyuma ya lundo la matairi. "Kunipeleka mimi, hata haya ya zamani yangenipeleka. Nanunua ya kukurudisha wewe. Iko siku utaupanda huu mlima peke yako, Zdravka, na mimi sitakuwepo kukuambia uachie breki."

Nililia pale pale, nikinuka mpira. Nikamwambia ni mjinga, akakubali.

Theluji ya kwanza ikaanguka siku ya hospitali. Kwetu mtu akianza safari mpya humwagiwa maji njiani ili mambo yake yatiririke, na jirani yangu Minka hakutaka tuikose baraka hiyo. Akamwaga birika zima mbele ya gari. Kwa baridi ile, maji yaligeuka kioo kabla sijageuza ufunguo. Suzuki ikateleza taratibu mpaka ikaukumbatia mwimo wa lango.

"Mama, hata langoni hujatoka!" Velin akapiga kelele.

"Jamani, nimewaua!" Minka akalia.

Manol akashusha kioo. "Bado hujatuua, Minka. Lete majivu ya jikoni."

Majivu yakamwagwa, tukatoka. Niliteremka na gia ya pili, naye akisema tu "achia" na "sasa". Kwenye kona ya chini, lori la magogo lilikuwa limekwama katikati ya barabara. Nikakanyaga breki, ikatetemeka chini ya mguu wangu.

"Tumesimama?" akauliza.

"Tumesimama. Lori liko kule."

Akanipapasa goti, tukangoja lori livutwe, tukaendelea.

Baada ya kusafishwa damu, presha yake ikashuka, na daktari akataka alale pale wamwangalie. Nikasema nami nitalala kwenye benchi.

"Nenda kabla giza halijaingia," Manol akasema. Mkono wake ulikuwa baridi. "Velin anangoja simu. Usimpe raha hiyo."

Nilipanda nikiongea na kiti kitupu njia nzima. Theluji ilikuwa ikianguka tena. Kwenye misonobari, nyuma ya gari ikaponyoka kidogo, nikasema "achia" kwa sauti kubwa, nikaachia, matairi yakashika. Niliogopa sana, na nililia, lakini mikono haikuacha usukani.

Velin alikuwa langoni na koleo la theluji. Alipokiona kiti kitupu, rangi ikamtoka.

"Baba yuko wapi?"

"Yupo, mzima. Presha tu, wamemlaza leo."

"Umekuja peke yako?"

"Ulitaka nije na nani?"

Akanikumbatia na koleo lake. Sijavua buti, simu ikalia.

"Umefika?" Manol akauliza.

"Nimefika."

Nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayelia. "Basi, Zdravka. Sasa hata nikilala, nalala kwa amani."

"Usiniage, tafadhali," nikamwambia. "Lala, na ukiamka uvae mapema. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua."