Mpangaji wa Kisigino cha Kushoto

Jumapili iliyopita, mchana, Fundi Mbonea wa Same alikula makande, akagombana na binti yake kwa simu, akalala kwenye kochi na kuota kwamba maji ya kuoshea miguu yameikataa miguu yake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Binti yake, Nakunda, ni muuguzi Moshi. Alipiga kumjulia hali, wakaongea ya mvua na ya wajukuu, kisha akasema, "Baba, mtu mwenye sukari haingizi miguu kwenye maji ya moto kabla hajayapima kwa kiwiko. Na kila siku ugeuze unyayo uutazame. Ukishindwa kuinama, mwambie mama akutazamie."

Fundi alihamaki. Ana miaka sitini na miwili, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza akikanyaga pedeli ya cherehani peku. Miguu yake anaitunza kuliko bwana harusi anavyoitunza suti. Kila jioni ni maji ya moto, chumvi ya mawe na majani ya mwarobaini. Magaga anayasugua kwa jiwe, anayapaka mafuta ya nyonyo mpaka yang'ae. Kila Jumatatu anakuja Mama Siriaeli, mkandaji, na karatasi yake yenye picha ya unyayo uliogawanywa kama ramani ya viwanja. Anamkanda kuanzia kidole gumba hadi kisigino huku akimweleza kwamba kila kiungo cha mwili kina nyumba yake pale chini.

"Mtoto niliyemvalisha soksi kwa mikono yangu leo anifundishe miguu," alimwambia mkewe, Namsifu, baada ya kukata simu. Namsifu aliendelea kuchambua mchele. Fundi akajilaza na hasira yake kifuani.

Katika ndoto alikuwa amekaa palepale kwenye kochi, beseni liko mbele yake, majani ya mwarobaini yanaelea. Akanyanyua mguu wa kushoto autie majini. Maji yakasogea upande.

Akajaribu tena. Maji yakasogea tena, yakajikusanya ukingoni mwa beseni, katikati pakabaki pakavu.

"Shikamoo, Fundi," yakasema maji. "Sisi na miguu hatuongei. Tuletee kiwiko."

"Marahaba," akajibu Fundi, kwa sababu alilelewa vizuri. "Lakini kinachooshwa ni miguu."

"Mguu wa kushoto hauna la kutuambia. Tumeuuliza mwaka mzima kama tuna moto, unanyamaza tu. Kiwiko ni mkweli."

Fundi aliona amedharauliwa ndani ya nyumba yake, na maji aliyoyachota mwenyewe. Akakunja mkono wa shati, akachovya kiwiko kuyakomesha. Kiwiko kikaruka kama kilichoumwa na nyuki.

"Moto," kikasema kiwiko.

"Umesikia," yakasema maji. "Jana ulichovya miguu kwetu robo saa nzima, na tulikuwa na moto kuliko huu. Sasa nenda kule chini. Mjumbe anakuita."

Fundi anauliza mjumbe gani, na kabla hajajibiwa hayuko tena sebuleni. Yuko kwenye uwanja mpana wa udongo wa rangi ya ngozi yake. Nyumba ndogo ndogo zimepangwa kwa mistari, zile zile za kwenye karatasi ya Mama Siriaeli, na kila mlango una kibao: Jicho, Sikio, Tumbo, Moyo. Juu, mahali pa mbingu, anauona mguu wa suruali yake mwenyewe.

Mbele ya nyumba moja isiyopakwa rangi ameketi kiumbe mfupi, wa zambarau, mwenye daftari mapajani.

"Karibu Unyayo wa Kushoto," akasema. "Mimi ni Bandama. Ndimi mjumbe wa nyumba kumi wa hapa."

"Bandama," akarudia Fundi.

"Hunifahamu. Sishangai. Kwa miaka sitini na miwili hujanitaja hata kwa bahati mbaya. Moyo unautaja, tumbo unalitaja, figo umeziombea kanisani. Lakini sikukuita kwa hilo, ingawa limeniuma. Nimekuita kwa sababu simu zetu zimekatika tangu mwaka jana. Tunapiga juu, hakuna anayepokea. Kulipoungua, tulipiga. Kulipopasuka, tulipiga. Alhamisi tumepiga mpaka tumechoka."

Fundi akasimama wima, maana shutuma hakuzizoea. "Mjumbe, mimi nawaletea mafuta kila jioni. Nawaletea chumvi. Nawaletea mwarobaini wa kuchuma kwa mkono wangu, siyo wa kununua. Nawaletea Mama Siriaeli. Mnataka nini zaidi?"

"Vyote vimefika," akasema Bandama, akafungua daftari na kumwonyesha. "Mafuta ni mazuri. Chumvi tunashukuru. Mama huyo ana mikono mizuri, tukimsikia tunafurahi. Hakuna aliyelalamikia zawadi, Fundi. Tunachosema ni kwamba unazitupa mlangoni na kuondoka. Hujawahi kuchungulia ndani."

"Mgongo haunipindi mpaka niuone unyayo."

"Una mke mwenye macho mawili. Una kioo."

Hilo likamkasirisha Fundi kuliko yote yaliyotangulia.

"Sasa kuna mtu kahamia kisiginoni," Bandama akaendelea. "Hana barua ya utambulisho. Hakupita kwangu. Nimekwenda kumfukuza mara tatu, amenitazama tu. Nyumba ni yako. Nenda ukamwondoe."

Fundi anakwenda. Njia ya kisiginoni ni mbaya. Magaga yake, aliyozoea kuyaona kama mikwaruzo, huku ni makorongo yanayoweza kummeza ng'ombe, na chini ya kila korongo kinapita kijito cha mafuta ya nyonyo. Anaruka moja, anaruka la pili. Njia nzima anapanga maneno atakayomwambia huyo mvamizi, na kila neno analiona dogo.

Katikati ya kisigino, ardhi imekuwa nyekundu na ina joto. Mtu mrefu, mwembamba kupita kiasi, wa kung'aa, amesimama ndani ya shimo. Mwili wote umezama. Kilichobaki juu ni kichwa chenye kofia ya kijani, ya mviringo kama punje ya njegere.

"Toka," akasema Fundi.

"Habari za mchana," akasema mtu yule.

"Nani kakupangisha hapa?"

"Wewe. Alhamisi, saa nne asubuhi. Ulikuwa unashona sare za kwaya, mteja akaita mlangoni, ukainuka peku kumfungulia. Mimi nilikuwa sakafuni. Ukanikanyaga kwa uzito wako wote."

"Muongo. Mtu akikanyaga kitu anasikia."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nilibisha hodi kwa nguvu zangu zote, Fundi. Nilipofika kwenye nyama nikabisha tena. Nilipokaribia mfupa nikabisha mara ya tatu. Kimya. Nikasema, basi hii nyumba haina mwenyewe, nikakaa."

Ghadhabu ilimpanda Fundi. Ghadhabu hiyo aliitafutia mtu wa kumbebesha akamkosa. Akainama, mgongo ukampinda bila shida kwa kuwa ilikuwa ndoto, akaishika ile kofia ya kijani kwa mikono miwili na kuivuta. Haikusogea.

"Usivute hivyo," mpangaji akamshauri kwa upole. "Utaiacha nusu yangu ndani. Tena uniache nipange vizuri, nina wageni."

"Wageni gani?"

"Usaha na jamaa zake. Wametuma salamu, watafika Jumanne. Ndio hao hao waliokaa kwa Mzee Kiangi."

Mzee Kiangi ni fundi viatu wa jirani. Mwaka juzi alikwenda hospitali na kidonda cha kidole, akarudi na magongo mawili na suruali iliyokunjwa mguu mmoja. Suruali hiyo aliipunguza Fundi Mbonea mwenyewe, bure, akaona amefanya wema mkubwa.

"Hapa hawalali," akasema Fundi. "Mimi ndiye mwenye mguu."

"Basi ungekuwa unakuja," akasema mpangaji.

Fundi Mbonea aliamka. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Namsifu alikuwa ameshamaliza mchele, anasoma gazeti la wiki iliyopita.

"Mama Nakunda," Fundi akasema, "nitazame chini ya mguu wa kushoto."

"Kesho si Mama Siriaeli anakuja?"

"Nitazame wewe. Sasa hivi."

Namsifu akavaa miwani, akapiga magoti mbele ya kochi, akawasha tochi ya simu. Akakiinua kisigino, akakigeuza kwenye mwanga. Akasogeza tochi karibu.

"Baba Nakunda. Kuna nini hapa?"

"Kijani?"

"Kijani. Kama punje." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Ni kichwa cha pini. Pini zako za kushonea. Imeingia yote, na pembeni pamekuwa pekundu. Ninapogusa hapa, unasikia?"

Fundi alisubiri. Alisubiri kwa dhati kabisa, kama mtu anayesubiri simu iite.

"Sisikii," akasema. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala daktari.

"Imeingia lini?"

"Alhamisi. Saa nne asubuhi."

"Na umejuaje kama hukusikia?"

 Fundi alipoona mkono wa Namsifu unakwenda kwenye ile pini, akauzuia. "Usivute. Itavunjikia ndani. Mpigie Nakunda, mwambie tunakwenda hospitali."

"Leo Jumapili. Twende kesho asubuhi, au Jumanne ndiyo kliniki ya sukari."

"Jumanne hapana," akasema Fundi Mbonea, na hasira ikamrudia sautini. "Leo. Jumanne wanakuja wageni."

Namsifu akamtazama usoni. Akaenda kumtafutia viatu.