Hita ya Darcy

Leonie alikuwa na tabia ambayo wenzake ofisini waliiita ugonjwa: hawezi kupita penye uchafu asishike ufagio. Na kiini cha mfumo wa kompyuta ulioendesha redio zao, sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha vyuma, kilijaa uchafu wa miaka. Vipande vingi vya programu, kazi ikifaulu, vilijibu sifuri. Vichache vilijibu moja, kila kimoja na ukaidi wa aliyekiandika. Mwezi uliopita alikuta kipande cha kuwasha hita ya kuipasha betri joto, kazi ya Graeme, mkongwe wa ofisi, ya miaka kumi na miwili nyuma, kikijibu moja. Akakisafisha, kikajibu sifuri kama wenzake. Akarekebisha na kila mahali palipotegemea jibu lile, akalala usingizi mnono.

Leo saa tano asubuhi, pai mkononi, alisimama ghafla. Kila mahali?

Akafungua kompyuta. Alikuwa amerekebisha sita. Pa saba palijificha kwenye folda ya redio: kipande kiitwacho mlinzi wa betri. Huyo bado aliamini kwamba sifuri maana yake hita imekufa, na hita ikifa, kazi yake ni kuizima redio.

Redio yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku la buluu kwenye gati la Hobart, na meli ingeondoka saa nane. Darcy, mdogo wake, fundi bomba, alikuwa anakwenda nayo kwenye kibanda cha barafuni, kusini kabisa mwa dunia, kwa miezi tisa. Kule hapakuwa na redio nyingine.

"Tumeijaribu wiki tatu," Graeme alisema. "Haijazima hata mara moja."

"Mmeijaribu hapa mezani, kando ya birika la chai! Hita iwake kwa baridi gani?"

Walichukua sanduku la akiba la ofisini, lenye redio kama ile, wakalisukuma kwenye friza ya jikoni katikati ya mifuko ya njegere. Leonie alizunguka meza mpaka Graeme akamwomba akae. Hakukaa. Baada ya nusu saa taa ya hita iliwaka. Sekunde mbili tu, redio ikazima.

"Nilikwambia usiguse," Graeme alisema.

"Wewe uliandika moja wakati watu wote wanaandika sifuri!"

"Yangu ilikuwa chafu, bibie, lakini ilifanya kazi."

Ilimuuma, kwa sababu ni kweli.

Gatini alikaa juu ya kreti, kompyuta magotini, waya umeingia sandukuni. Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Darcy alisimama kumkinga na upepo.

"Kwa hiyo dada, kwenu sifuri ndiyo kufaulu? Mbona mimi nilipoleta sifuri ya hesabu Mama alininyima mpira mwezi mzima?"

Leonie hakucheka. "Nimekosea, Darcy. Nilisafisha kitu nikasahau pembe moja. Ungekaa kule hunisikii, na mimi sikusikii."

Darcy alilitazama sanduku. "Na sasa?"

"Sasa nadhani iko sawa. Sina muda wa kuigandisha tena."

Winchi ilishuka, ikalinyanyua sanduku. Darcy alimkumbatia, akakimbilia ngazi.

"Nitakutumia sifuri kila siku!" alipiga kelele kutoka juu.

"Usithubutu! Niandikie maneno, mjinga wewe!"

Wiki nne Leonie alifanya kazi kwa kusimama. Alikula amesimama, akasoma hali ya hewa ya kule barafuni amesimama, na Graeme akaacha kumtania. Jumbe fupi fupi zilikuja, lakini baridi ilikuwa bado haijafika pa kuiamsha hita. Jumanne hazikuja kabisa. Jumatano vivyo hivyo. Aliogopa hata kuufungua ule msimbo wa programu kuutazama.

Alhamisi mchana simu ililia: ujumbe wa Darcy.

"Dada, samahani, dhoruba ilituangushia antena, tumeisimamisha leo. Nje ni digrii ishirini na tisa chini ya sifuri. Hita inawaka tangu juzi. Haya ndiyo maneno yako."

Leonie aliusoma mara tatu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akalia mbele ya watu wote.