Dawa ya Mama

Mwanamume mzima, mwenye shingo iliyoshinda kola zote za dukani, alisimama chooni suruali ikiwa magotini na shati limekunjwa hadi kifuani, huku mwanamume mwingine aliyevaa glavu akimtazama. Wala hakuwa anamtazama usoni. Alimkodolea macho pale ambapo watu wenye adabu hupitisha macho upesi, maana ndiyo kazi ya mpima: sharti auone mkojo ukitoka mwilini na kuingia kikombeni, la sivyo haukubaliki.

"Usijali, kaka, hatuna haraka," mpima alisema. "Maji ya kunywa yapo hapo nje."

Kombora alifumba macho. Hilo ndilo jina alilopewa na mashabiki kwa jinsi alivyorusha tufe, na siku zote lilimkaa vizuri, isipokuwa siku hiyo. Mkojo ulimgomea. Laiti ungegoma moja kwa moja! Kwa miezi kadhaa alikuwa akijidunga sindano za kujenga misuli, alizoletewa na rafiki wa chumba cha mazoezi aliyemwapia kuwa hutoka mwilini upesi na vipimo havizikuti. Hatimaye mkojo ukaja, tena wa kujaza, na mpima akashukuru kwa heshima zote. Kombora alipandisha suruali upesi. Alikuwa amezoea kutazamwa na uwanja mzima, lakini macho ya mtu mmoja yalikuwa yamemshinda.

Simu ya shirikisho la riadha ilimkuta kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, mlango umezuiwa na tufe la zamani la mwanawe usijifunge upepo ukivuma. Wateja wageni walijikwaa hapo wakalaani, naye akawajibu kwa maringo, "Pole. Hilo ni jiwe la bingwa." Siku hiyo aliona uso wa bingwa ukibadilika simu ikiwa sikioni, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Kuna nini, baba?"

"Mama, wamenipima." Akameza mate. "Wamenikuta na dawa."

Tazama lugha yetu inavyoweza kumponza mtu. Dawa ni ile ya hospitali, dawa ni ya mganga, dawa ni ya panya, na dawa ni ile aliyojidunga Kombora pajani akiwa amefunga mlango kwa ufunguo. Mama yake alijua dawa moja tu. Akashika kifua kwa mikono miwili.

"Uwii! Ile yangu?"

Kombora alifungua mdomo. Neno moja tu lilitakiwa, "La," herufi mbili tu. Halikutoka. Akainamisha kichwa, na mama akaona amejibiwa.

Dawa ya mama ilikuwa mizizi michungu aliyoichemsha kwenye sufuria moja lisilopikiwa kitu kingine. Mtoto akibanwa na kifua, mizizi. Akikosa usingizi, mizizi. Akiwa na mashindano kesho, mizizi, hata alipokuwa na ndevu na mkataba wa viatu. Naye alikuwa na sharti ambalo hakulivunja kwa mtoto yeyote: dawa huonjwa kwanza na anayeitoa. Tena hakuionja kwa ncha ya ulimi. Alikunywa nusu ya kikombe, akakaa kidogo akijisikiliza tumbo, ndipo akakupa nusu iliyobaki. "Ikiniua mimi, wewe umepona," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake, kwa sababu mtoto aliyekunja uso hawezi kucheka.

Wakili wa klabu yake ya riadha aliposikia habari za mizizi alikaribia kumkumbatia. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Umeokoka," alimwambia Kombora ofisini kwake. "Aliyetumia kwa kusudi anafungiwa miaka. Aliyenyweshwa bila kujua hupewa onyo, anarudi uwanjani. Mama atakubali kuja kusema mbele ya kamati?"

"Atakuja. Ameshaanza hata kuchagua nguo."

"Basi."

"Lakini mimi nitasema uongo gani?"

"Nani kakwambia useme uongo?" Wakili alitabasamu. "Wewe nyamaza. Mama atasema anachoamini, na anachoamini mtu si uongo."

Kombora alitoka pale akiwa mwepesi, na wepesi ule ule ukamchoma kabla hajafika barabarani. Aliona haya jinsi alivyofurahi. Hata hivyo hakurudi ndani kumwambia wakili aache.

Habari zikatangulia kikao. Redioni wachekeshaji wakaigiza ajuza anayekoroga chungu, kila akikoroga jirani anaota misuli. Mtaani watu wakacheka, kwanza chinichini, baadaye waziwazi. "Mama Kombora, nipunguzie kiuno, lakini usinichemshie!" Mama alicheka nao, pini zikiwa mdomoni. Ndivyo alivyokuwa: ukimtania anacheka nawe, kisha ukiondoka anauliza taratibu, "Hivi alikuwa anatania?"

Siku moja alikuja shoga yake wa ujanani kupimwa gauni. Mama akamkaribisha chai kama kawaida, akaenda chumba cha ndani kutafuta kitambaa. Kombora alikuwa kwenye benchi akijifanya anasoma simu. Alimwona yule mgeni akikitazama kikombe, akikinusa, akikirudisha mezani na kukisogeza mbali kwa kidole kimoja. Akaaga kwa sauti kwamba amekumbuka jambo, atarudi. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Kombora aliinuka, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza koo. Mama akatokea na kitambaa begani.

"Ameondoka? Hata chai hakunywa?"

"Amekunywa, Mama."

Mama akachungulia kikombe kitupu, uso ukamchanua. "Nilijua. Huyu hawezi kuniogopa. Tumetoka mbali." Akarudi kwenye cherehani akiimba. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini hawakusema itakuwaje mchumaji akikaa pembeni akawaachia wa kwao sahani nzima.

Siku ya kikao mama alivaa gauni alilojishonea kwa siku ile, la rangi ya majivu, lenye kola ya juu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyolia kila ilipogeuka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na subira. Pembeni alikaa afisa mpima, msichana aliyefunga nywele kwa nyuma, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kueleza vipimo na si kupima mtu.

"Shikamoo, Mama," mwenyekiti alianza. "Utueleze kwa maneno yako."

"Marahaba, mwanangu. Maneno yangu ni mafupi. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyempa dawa. Huyu hajui kitu, huyu akipewa sumu na mimi ataimeza na kusema asante."

Wakili akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa. Kombora alitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa mikubwa mno, hakujua pa kuificha.

"Ulikuwa unampa kiasi gani?"

"Nusu kikombe."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine nakunywa mimi," mama alijibu, akishangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. "Mtoto hapewi dawa ambayo mama yake hajainywa."

Kalamu ya wakili ilisimama.

"Kila mara?"

"Kila mara. Mbona hata leo asubuhi nimekunywa, nina kifua." Mama akasogea mbele ya kiti, na macho yakamng'aa kwa wazo lililomjia papo hapo. "Eh! Basi si rahisi? Nipimeni mimi! Mkikuta mwilini mwangu kile mlichokikuta kwake, mtajua ni mizizi yangu, mumwache mtoto aende zake."

"Haina haja, Mama," wakili alisema haraka.

"Kwa nini haina haja, wakili?" mwenyekiti akauliza, naye wakili akanywa maji.

Mwenyekiti alinong'ona na wenzake. Haukuwa utaratibu wao, alisema, lakini mama ameomba mwenyewe, na kipimo hakitamdhuru mtu. Afisa mpima akafungua begi lake, akatoa kikombe kilichofungwa kwenye nailoni, akamsogelea mama. Alizungumza kwa upole.

"Kuna jambo moja lazima nikueleze, mama yangu. Nitaingia nawe chooni. Nguo zinapanda hadi kifuani, na za chini zinashuka hadi magotini. Natakiwa kuona."

"Kuona nini?"

"Kuona inavyotoka."

Feni ikalia, ikageuka. Kombora alimjua mama yake. Huyu alikuwa anajifungia komeo kwenda kuoga hata akiwa peke yake nyumbani. Watoto wake wa kike hawakuwahi kumwona bila kanga kifuani. Alipoteguka nyonga aliteseka siku mbili kwa sababu daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamume. Kombora aliiona damu ikimpanda mama shingoni, ikaingia kwenye ile kola ya juu. Mama akainamisha macho. Halafu akasimama, akajinyoosha gauni kwa viganja.

"Huyu nilimzaa mbele ya watu," alisema. "Mtu mmoja atanifanya nini? Twende, binti."

Akakipokea kikombe. Choo kilikuwa mwisho wa chumba kile kile, mlango mweupe wenye kitasa kilicholegea. Mama alitembea kuuelekea taratibu kwa sababu ya ile nyonga, kikombe amekishika mbele kwa mikono miwili, na binti akimfuata nyuma na glavu zake. Kombora alikuwa anajua kilichoko nyuma ya mlango ule. Alijua ubaridi wa sakafu na jinsi mtu anavyotazama ukuta ili asijue anatazamwa. Bado hakusema. Miaka yake ya uwanjani ilikuwa hapo mezani. Kipimo cha mama kingetoka safi, lakini si leo, na kabla ya hapo wakili angepata la kusema. Ilitosha anyamaze kidogo tu tena.

Mama akashika kitasa. Kwa mkono mwingine, kabla hata ya kufungua, akaanza kuipandisha kola ya gauni, ajisitiri shingo.

"Mama, usiingie!"

Kiti cha Kombora kilianguka nyuma yake. Wanakamati wote wakageuka.

"Kaa chini, baba," mama alisema bila kugeuka. "Ni dakika moja tu."

"Mama, dawa si yako."

"Si yangu ni ya nani?"

"Ni yangu." Sauti ilimtoka nyembamba, haikufanana na mwili ule. "Ni sindano, Mama. Nilijidunga mwenyewe. Mizizi yako haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu."

Wakili alifunga kalamu yake. Mama aliachia kitasa, akageuka, akamrudishia binti kikombe kwa mikono miwili.

"Samahani, mwanangu. Nimekusumbua bure."

Akarudi, nyonga ikimtesa, hadi mbele ya mwanawe. Kombora alijiandaa kwa kofi. Alilitaka, Mungu shahidi, alilitaka kuliko medali yoyote. Mama alimwangalia tu, akifikiri, akirudi nyuma siku baada ya siku, akivichambua vitu kimoja kimoja kama achambuavyo vitambaa.

"Yule shoga yangu," akauliza kwa sauti ya chini, "ile chai alikunywa?"

Kombora alitikisa kichwa kukataa. Hapo ndipo alipolia, mbele ya kamati nzima, kamasi zikimchuruzika, na hakuna aliyekuwa na kitambaa cha kumpa isipokuwa mama, ambaye hakukitoa.

Adhabu ilikuja nzima, haikupunguzwa. Kombora akahamia kwa mama yake, akawa anafagia vipande vya nguo na kupeleka mizigo kwa wateja, ambao walirudi mmoja mmoja. Shoga wa mama alirudi pia, akanywa chai vikombe viwili kwa pupa ya mwenye hatia. Mama alizungumza na wote. Hata na mwanawe alizungumza, "lete uzi," "funga dirisha," "chakula kipo." Neno baba ndilo lililopotea. Tufe lilibaki mlangoni, lakini mteja akijikwaa mama alisema "pole" na kuishia hapo.

Mvua zilipoanza kifua kilimbana mama vibaya. Daktari alimpa vidonge, akavinywa kwa heshima, lakini usiku wa pili akamwita mwanawe kutoka kitandani na kumwambia, huku akihema, "Nichemshie ile."

Kombora alitafuta sufuria, akaosha mizizi, akasimama jikoni akingoja maji yageuke rangi. Alikuwa hajawahi kuichemsha. Harufu yake ilimrudisha utotoni, akajikuta amekunja uso kabla hajaionja. Aliimimina, akaipuliza, akaipeleka kikombe kimejaa, akapiga magoti kando ya kitanda. Mama aliinuka kwa kiwiko. Alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama aliyekishika. Hakunyoosha mkono.

"Anza wewe," alisema.

Kombora alielewa. Aliinua kikombe akanywa, uchungu ukamkamata ulimi na kushuka kooni polepole. Mama hakupepesa macho. Alimtazama mdomo, akamtazama koo, akafuata kila funda hadi lilipopita, mpaka nusu ikaisha. Kombora hakugeuza uso ukutani. Aliacha atazamwe.

Akashusha kikombe, akabaki amekishika kati yao. Wakakaa hivyo wakisikiliza mvua.