Mlango wa Papa Siméon

Nyumba mbili za ua wetu zinatumia waya mmoja na fyuzi moja. Papa Siméon ana kiyoyozi. Mama Reine ana friza ya samaki anaouza sokoni. Kila adhuhuri kiyoyozi na friza vilizidi nguvu ya waya, fyuzi ikakata umeme, na samaki wakaanza kuyeyuka.

Siku moja Mama Reine alikwenda kwa jirani yake. Alikuta mlango wazi, pazia linapepea, baridi yote inatoka nje. Ndani walikaa wageni wawili.

"Papa Siméon, funga mulango. Mashine yako haipumziki, inapoza barabara."

"Kwangu mulango haufungwi muchana. Watu watasema tunakula kwa kujificha."

"Na samaki yangu inaoza."

"Zima friza, Mama."

"Basi huu mulango ni wazi kwa kila muntu?"

"Kila muntu."

Mama Reine alirudi na beseni la samaki wake, mikebuka walioyeyuka, akaliweka katikati ya sebule, akaketi kwenye kiti kizuri. Nzi walimfuata. Wageni waliaga kabla ya kumaliza soda zao.

"Toa hiyo kitu."

"Mimi mugeni, Papa. Niko napoza samaki."

Walikaa hivyo karibu nusu saa, Papa Siméon akifukuza nzi.

"Nikifunga, utatoka?"

"Ukifunga kila muchana."

"Basi, nitafunga."

Mama Reine alibeba beseni lake bila kuaga. Papa Siméon aliubamiza mlango nyuma yake hadi chokaa ikadondoka ukutani.

Friza iliunguruma mpaka jioni. Tangu siku ile mlango unafungwa kila adhuhuri, na wawili hao hawasalimiani.