Masizi ya Mwaka wa Sitini na Saba

Jumatatu asubuhi Fintan, fundi wa meko, alitandaza shuka kuukuu sebuleni kwa Nuala Ruane, akang'oa vigae vya rangi ya maziwa, kisha akavunja matofali yaliyojazwa nyuma yake hadi meko ya zamani ikaonekana. Jiko jipya la kuni lilikuwa limeshafika, limekaa ukumbini na karatasi zake. Lakini jiko jipya haliwekwi chini ya dohani chafu, njia ya moshi iliyojaa masizi. Lazima isuguliwe kwanza.

"Nisugue haraka, mama?"

"Pole pole. Nimengoja miaka hamsini na saba, siku mbili zitanishinda?"

Kule jimboni Mayo kila mtu anajua kwamba masizi hushika maneno yanayosemwa karibu na moto, na yakisuguliwa huyatoa. Ndiyo maana wenye akili husemea siri uani. Lakini siku padri alipokuja kuzungumza na mama yake Nuala, mwaka wa sitini na saba, mvua ilikuwa ikimwagika, wakabaki ndani karibu na moto. Nuala, msichana wa miaka kumi na saba aliyejifungua majuzi, alikuwa amelala chumba cha pili, maziwa yakimtoka, akasikia mnong'ono tu. Baadaye mama yake alimwambia kwamba mtoto amefia kwa masista. Kaburi hakuonyeshwa, naye hakuamini. Sasa alitaka jambo moja kabla hajafa: kujua mtoto wake Lorcan alipewa nani.

Brashi ikapanda. Masizi ya juujuu ndiyo mapya, kwa hiyo miaka ilishuka kinyumenyume. Alianza marehemu mume wa Nuala, akimtukana mwamuzi wa mpira. Mbwa akafukuzwa jikoni. Zikafuata rozari, jioni baada ya jioni. Kila neno lilisikika mara moja, kisha likawa masizi tu.

"Mngepunguza sala, tungeshamaliza," Fintan alisema, akijaza ndoo ya tano.

Jumanne alasiri walifika mwaka wa sitini na nane. Nuala alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa shuka. Brashi ikakwaruza jiwe tupu.

"Mbona sauti zimekatika?" Nuala aliuliza.

Fintan aliingiza kichwa na tochi. "Hapa pamechomwa, mama. Mtu aliwasha gazeti akalisukuma juu, masizi yote yateketee. Wazee walisafisha hivyo."

"Mama yangu hakusafisha hivyo hata siku moja. Aliogopa kuunguza nyumba."

Bonge la mwisho, la zamani kuliko yote yaliyobaki, likadondoka mekoni. Lilikuwa na sauti ya mama yake, sauti ya mtu aliyemaliza kazi anafuta mikono.

"Haya. Sasa hata dohani haijui."

Nuala aliliomba lirudie. Masizi hayarudii. Alilia mpaka giza likaingia, na Fintan akakaa naye, maana hilo halina fundi.

Alhamisi bomba la chuma likashushwa, uwazi ukazibwa kwa bamba, jiko likawashwa. Sebule ikapata joto ambalo haikuwahi kulijua.

Mwaka uliofuata Fintan alirudi na brashi yake. Ilishuka ndoo moja ya masizi, na ndani yake jina moja tu, kwa sauti ya Nuala, la kipupwe kizima: Lorcan, Lorcan, Lorcan.

Nuala alingoja hadi mwisho. "Kuna aliyeitika?"

Fintan alichungulia ndani ya ndoo, akaichunguza vizuri. "Hapana, mama."

"Basi kamwage kwenye kabichi."