Badr Anakata Maji

Badr bin Seif hakuumbwa kutulia. Dukani kwake, katikati ya nyaya, swichi na balbu, alikuwa akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka, na hata akikaa mguu mmoja ulibaki ukitikisika chini ya meza. Wateja walizoea. Mwili haukuzoea: kitambi kilikua, usingizi ukaruka, na daktari alipompima presha alitikisa kichwa akamwambia atembee sana. Magoti yakakataa. Basi aogelee, akasema daktari, mtu anayekaa Tanga anakosaje kuogelea? Masikini daktari wa watu, hakujua anasema na nani.

Kwani Badr alikuwa na ahadi. Turkiya, mkewe, alipoposwa hakudai dhahabu wala nyumba, alidai jambo moja tu, kwamba mume atakayemwoa asiingie baharini. Kaka yake Muhanad alikwenda kutembea Ushongo na wenzake, akaingia kuogelea mchana kweupe, watu wanamwona, na mpaka leo hana kaburi kwa kuwa hakupatikana wa kuzikwa. Badr wakati huo alikuwa kijana mwenye mapenzi, angeambiwa aache kula angeacha. Alikubali mbele ya Nabhan, kaka mkubwa wa Turkiya, na kwa umri wote wa ndoa yao akaishi mji wa pwani akiitazama bahari kwa mbali.

Sasa alikuwa akiivunja ahadi hiyo takriban kila asubuhi. Akitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri alimwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu, naye akashika njia ya ufukwe wa Raskazone, suruali ya kuogelea ndani ya kanzu, roho juu juu.

Huko alimkuta Luka, mwalimu wa michezo, mwanaume mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika, aliyefundisha watu wazima kuogelea kabla ya kwenda shuleni kwake. Luka alizaliwa Muheza, kwenye machungwa, na mwanzoni jambo hilo lilimkera Badr. Mtu wa Muheza amfundishe yeye bahari? Utotoni alikuwa akiruka gatini na wenzake, akaogelea kichwa nje, mikono ikipiga maji huku na huku, na hakuna aliyemwambia amekosea. Aliingia majini ili amwonyeshe Luka. Alikwenda kidogo tu, kifua kikaanza kuwaka, akasimama maji ya tumboni akihema.

"Mzee Badr," Luka akasema, "wewe unaogelea au unagombana?"

Luka alimfundisha mtindo huru tangu mwanzo. Alimwambia kichwa kikipanda miguu inazama, kwa hiyo uso uwe ndani ya maji, macho yatazame mchanga. Alimwambia alale kwa ubavu kidogo kila mkono unapokwenda mbele, teke litoke kwenye nyonga na lisitoke magotini, na kubwa kuliko yote, pumzi aitoe humo humo majini, polepole, ili akigeuza uso pembeni kazi ibaki moja tu, kuvuta hewa. Hilo la pumzi lilimshinda Badr. Watoto wa gatini walijua kwamba anayezama hubana pumzi, akaibana mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Halafu alitaka yote yawezekane leo leo. Akipiga mikono miwili, mitatu, kichwa kinachomoka kutafuta nchi kavu iko wapi.

"Nchi kavu haihami," Luka alimwambia. "Rudisha uso."

Alimpa na miwani ya kuogelea, ambayo ilivuja. Badr alirudi nyumbani macho mekundu, anatafuna iliki kuondoa chumvi mdomoni, ana njaa ya ajabu, anasinzia kwenye sofa saa ambayo zamani angekuwa anazunguka zunguka nyumba nzima. Turkiya alimtazama tu.

Kisha asubuhi moja jambo likakubali. Hakujua alifanya nini tofauti. Mwili ulilala juu ya maji, bega likageuka lenyewe, povu likamtoka puani taratibu, na alipogeuza uso hewa ilikuwepo pale pale, kando ya mdomo, inamngoja. Akaenda, akaenda, na mguu ule msumbufu ukawa na kazi ya kufanya. Badr alifurahi kiasi cha kutaka kulia. Ila furaha hiyo iliishia ufukweni. Akivaa kanzu tu, uongo wake nao ulimvaa, na dukani akawa haketi kabisa.

Luka naye, mdomo wake ule, akaupeleka kwa Tausi, mwanamke aliyeuza chai na vitumbua karibu na nyumba ya Badr. Alikuwa na fahari na mwanafunzi wake.

"Mzee Badr siku hizi anakata maji, hutaamini," alimwambia mbele ya wateja. "Leo kavaa miwani asubuhi asubuhi, kakata maji mpaka nikamwambia basi, mzee, utaumia."

Kwa mwalimu wa kuogelea maneno hayo yana maana yake ya wazi. Kwenye meza ya chai yana maana nyingine: anayekata maji ni mlevi, na aliyevaa miwani amelewa chakari. Luka alikunywa chai yake akaenda shule. Tausi alibaki na mwiko mkononi. Kufika adhuhuri, barazani hapakuwa na habari nyingine, na kila aliyeisikia aliongeza ushahidi wake: macho yale, iliki ile, usingizi ule.

Nabhan alikuja dukani baada ya sala ya alasiri. Badr alimwinukia, akampa kiti, akamwagiza kahawa. Nabhan hakuigusa.

"Shemeji," alisema, "umri huu? Na jina la marehemu babako? Niambie si kweli nikawafunge watu midomo."

Badr angesema silewi, angeulizwa basi kila asubuhi unakwenda wapi. Na aliyekuwa akiuliza ndiye shahidi wa ahadi. Alizunguka meza, akashika balbu, akairudisha. Aliona aibu kwa pombe ambayo hajawahi kuionja, lakini aibu hiyo aliona inabebeka.

"Kaka Nabhan," alisema, "nitaacha."

Nabhan aliondoka akiwa amenyong'onyea. Badr alijiambia amepona. Kuacha pombe asiyokunywa, kuna kazi gani? Alifunga duka mapema akaenda nyumbani, karibu apige mluzi.

Turkiya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu kuliko ya mumewe. Nabhan alikwisha kumpigia simu.

"Baba Rahaf, kaka anasema umekiri. Nimeishi na wewe muda wote huu sikunusa kitu. Nimekuwa mjinga kiasi hicho?"

Hapo Badr hakuweza. Wengine wamdhanie wapendavyo, lakini huyu alikuwa anajilaumu yeye mwenyewe, na hilo lilimchoma. Akakaa chini sakafuni.

"Silewi, Turkiya. Wallahi sijaonja. Ninaogelea."

Turkiya alijifuta macho. Badr alidhani amepata nafuu.

"Afadhali ungelewa," akasema.

"Astaghfirullah, mama Rahaf."

"Afadhali. Mlevi ningemgombeza, ningemfungia mlango, ningemfungulia. Angelala pale sebuleni nimwone anakoroma. Wewe nitakuja kukuona wapi?"

Badr alimweleza yote, presha, magoti, daktari, Luka. Alieleza kwa haraka, mikono ikipiga hewa, kwamba sasa anajua, hapambani tena na maji, hachoki, pumzi anayo. Turkiya alisema Muhanad naye alikuwa anajua. Mwishowe Badr akamwomba aje mara moja tu, aone kwa macho yake, na akiona bado hataki, atatupa miwani ile.

Asubuhi Turkiya alisimama mchangani, buibui limebanwa mkononi, tangu aolewe hajakaribia maji namna ile. Luka alimwamkia shikamoo, akajaribu kumweleza jinsi mabega ya Badr yanavyogeuka majini, akaacha.

Badr aliingia. Alitaka aogelee vizuri kuliko siku zote, ili mkewe aone jinsi jambo hili lilivyo salama, na kweli aliogelea vizuri kuliko siku zote. Uso chini, shingo imelegea, hakuna kurusha maji, hakuna kishindo. Mchanga ulipita chini yake taratibu. Hakusikia kitu, na kutosikia kitu kulikuwa ndiyo raha yake.

Alipogeuza uso kuvuta hewa aliona kitu cheusi kati yake na ufukwe. Alisimamisha mikono, akainua kichwa.

Turkiya alikuwa majini mpaka kifuani, buibui limetanda juu ya maji pande zote, Luka amemshika mkono anamvuta nyuma. Alikuwa anaita. Badr alizibua sikio ndipo akasikia kwamba jina alilokuwa akiita halikuwa lake. Alikuwa akimwita Muhanad.

"Turkiya! Nipo hapa."

"Sioni uso wako," alisema, sauti imemkauka. "Umelala kifudifudi. Sioni uso."

Badr alielewa, na baridi ikamwingia ambayo maji hayakuwa nayo. Hakulaza uso tena. Alianza kurudi kichwa nje, shingo ngumu, mikono ikipiga huku na huku, miguu ikimzamia, macho hayamwachi mkewe. Kifua kilimwaka. Alimeza maji mara kadhaa. Luka alitazama kazi yake yote ikiharibika.

Turkiya alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakishika sana, kama mtu anayenunua tikitimaji na hamwamini muuzaji.

"Ukitaka kuogelea, ogelea hivyo," alimwambia.

Badr alikuwa anahema hata hasemi vizuri.

"Hivyo sifiki mbali."

"Ndiyo," Turkiya alisema. "Usifike."