Tairi la Mtu Mwepesi

...nene au jembamba, shemeji, anauliza tena Mshamu, ameyainua yote mawili kama mtu anayeuza kuku, mkono huu tairi nene la baiskeli lililoletwa juzi kutoka Dar, kashata, yale meno ya mpira, zimejazana, bado linanuka upya, mkono huu jembamba, kashata chache zilizoachana, nami nimesimama mbele ya duka lake hapa Kibiti, namwambia ngoja kwanza niyatazame, nayatazama, sioni kitu, naona mguu wa Shaban ndani ya plasta juu ya jamvi, mume wangu, pande la mtu, siku hizi anaomba asogezewe maji ya kunywa... chukua hili nene, anasema Mshamu, zama hizi za ruksa kila kitu kipo, zamani ungelipata wapi, na Shaban ana misuli yake, hili ndilo lake, na kweli lilikuwa lake, nene hivi hivi, kiangazi chote alilipanda kwa maringo, kutoka Nyamisati mashua zinakoteremsha kamba wabichi wa Kiongoroni mpaka hapa kwenye gari lenye barafu la Wilbrod, mnunuzi wetu, matenga mawili kwenye keria, watu wanampisha njia, mpaka masika yalipoingia na lile tope jeusi la mbugani, tope la mfinyanzi, likajibana kati ya tairi na uma, nene halina nafasi ya kulitema, gurudumu la mbele likagoma, naye badala ya kushuka akakanyaga kwa nguvu, ana nguvu mno yule mwanamume, likamrusha juu ya usukani, kamba wote wakamwagika topeni, na walipomleta nyumbani alikuwa analia, halii mguu, anawalilia kamba.

Na jana Wilbrod kaja kutupa pole, mtu muungwana, wa bara lakini ameshatuzoea, akakaa pale mlangoni, akasema mama, mimi nawaheshimu, lakini kamba hawangoji, Jumamosi asipokuja mtu kutoka nyumba hii njia ya Nyamisati nitampa Abdalah, na Abdalah akishaishika ile njia haiachii, nani asiyemjua, na ile njia ndiyo ugali wetu, ndiyo daftari na sare za watoto, hatuna nyingine... mtu kutoka nyumba hii, hivyo ndivyo alivyosema, hakusema mwanamume, tangu jana nayatafuna maneno hayo, kwa sababu mimi najua kupanda, astaghfirullah, nayasema kichwani tu na masikio yananiwaka, lakini najua, nilijifunza kwa baiskeli ya kaka yangu nyuma ya mikorosho nikiwa msichana, na wiki hii alfajiri nimeitoa ya Shaban nikaizungusha huko huko mikoroshoni, suruali yake ndani, khanga juu, na mwili ulikumbuka wenyewe, nilicheka peke yangu kama mwehu... lakini mwanamke wa huku kwetu hukaa kwenye keria, miguu upande mmoja, ameshika shati la mumewe, mama mkwe wangu Kijakazi alimwona yule nesi wa bara anapita na baiskeli akatema mate, mwanamke mzima, akasema, ametanua mapaja juu ya chuma, balaa gani hili, na nesi ni mgeni, anasamehewa, mimi mtoto wa hapa hapa nani atanisamehe, na hawa wanaocheza drafti barazani kwa Mshamu, ona walivyoziacha kete zao, wanasubiri kusikia mke wa Shaban anachagua nini.

Hivi ana kilo ngapi jamaa yetu, anauliza Mshamu, maana tairi la matope hununuliwa kwa kumtazama mpandaji, shemeji, mwenye uzito na nguvu zake analisukuma nene hata likijaa, mwepesi hapana, mwepesi apewe jembamba, linachana tope linagusa ardhi ngumu chini, na kashata zikiachana hivi zinatema uchafu zenyewe, akasema hayo na moyo wangu paa, kwa sababu nikinyamaza napewa la Shaban, nitakwama nalo mbugani, nasukuma chuma na matenga jua linapanda, kamba wananuka, halafu ndipo watakaposema si tulisema, na nikisema mpandaji ni mimi, habari itafika nyumbani kabla yangu... nimdanganye? nimwambie ni mdogo wake Shaban, kijana mwembamba, atakuja kusaidia, lakini uongo gani huo, Jumamosi wote si wataniona, na Shaban nitamtazama vipi, yule aliyesema baiskeli ikae ukutani mpaka nipone, ikae... hapana, ngoja, leo hakusema hivyo, leo asubuhi kabla sijatoka aliniambia niletee spana, isogeze na baiskeli hapa jamvini, akakilegeza kiti, akakiteremsha mpaka mwisho kabisa, nikamuuliza ya nini, akajibu bila kunitazama, kikikaa juu kinashika kutu, nawe nenda kwa Mshamu ukachague tairi la matope, na mimi mjinga nikasema haya. Kutu! Mwanamume mrefu vile, magoti si yatamfika kidevuni, sasa kiti kile kamteremshia nani, kumbe aliliona tope la mikoroshoni kwenye magurudumu, kumbe anajua, hakunikataza, wala hakuniruhusu, ewe Shaban, umenitengenezea kiti kisha ukanituma dukani nikaseme mimi, ili wakikuuliza uape kwamba hukujua, yarabi, hasira zinanipanda, na huruma nayo inanipanda, vyote kwa pamoja, kwa sababu naviona vidole vyake vikiizungusha ile spana polepole, hataki kumaliza, angeweza vipi kusema mke wangu nenda, neno lingemkaba pale pale, basi limkabe yeye, mimi halinikabi, watoto ni wangu pia, na miguu hii ni yangu... Mshamu anangoja, wa drafti wanangoja, haya Biasha, mtu kauliza mpandaji ana kilo ngapi, swali jepesi kabisa, mjibu, na usimjibu kwa kunong'ona.